Kiswahili Hakina Tisa

Karen Blixen alipofika Kenya mwaka 1914, kijana mmoja wa Uswidi aliyefanya kazi ya maziwa alipewa jukumu la kumfundisha kuhesabu kwa Kiswahili. Moja, mbili, tatu, wakaenda vizuri hadi nane. Hapo kijana akanyamaza, akatazama pembeni, akasema Kiswahili hakina tisa. Na kwa kuwa hakuna tisa, hakuna kumi na tisa wala tisini. Shida yake ilikuwa aibu tu. Neno letu "tisa" likiingia kwenye sikio la Mswidi linasikika kama neno lisilo la adabu, na yeye hakuwa tayari kulitamka mbele ya mama wa watu. Akaona heri aifute namba yenyewe.

Blixen ndiye aliyetusimulia kisa hiki, ndani ya Out of Africa, kitabu chake cha 1937. Habari hiyo ilimfurahisha sana. Akaanza kuwaza: hawa ni watu wa aina gani, wenye ujasiri wa kuruka namba na maisha yakaendelea? Baadaye akaambiwa ukweli, kwamba tisa ipo na imekuwepo siku zote. Lakini anasema hata baada ya kujua, kwa muda mrefu alibaki na hisia kwamba mahali fulani Waafrika wana hesabu isiyo na tisa, na inawafaa.

Mimi hucheka kila nikifika hapo. Halafu naacha kucheka, manake hebu angalia kilichotendeka. Mtafsiri ameficha neno kwa sababu zake mwenyewe. Mwandishi amelijaza pengo kwa falsafa. Na wenye lugha, watu waliokuwa wakihesabu mbuzi wao na siku zao za kazi hadi tisa na kuendelea, hawakuulizwa. Mtu yeyote pale jikoni angemaliza huo mjadala kwa vidole vya mikono miwili.

Kitabu hicho bado kinauzwa kila mahali. Watalii wanakinunua kabla ya kupanda ndege, na sisi tulio hapa tunakitana na jina la mwandishi wake kila tukipita Ngong Road. Ukipanda 111 mjini, ukapita Prestige, Adams na Dagoretti Corner, utafika Karen. Kuna ubishi kuhusu jina hilo. Wapo wanaosema mtaa uliitwa kwa heshima ya Blixen. Wengine wanasema uliitwa kwa kampuni ya shamba lake, Karen Coffee Company, na kwamba kampuni yenyewe ilipewa jina la binti wa mjomba wake, aliyekuwa mwenyekiti. Ubishi wote huo ni kuhusu Karen yupi wa Denmaki. Jina ambalo ardhi hiyo ilikuwa nalo kabla ya kahawa hata halimo kwenye kesi.

Shamba lilikuwa la ekari 6,000 hivi, chini ya vilima vya Ngong. Ekari 600 zilipandwa kahawa, na sehemu nyingine waliishi Wakikuyu walioitwa maskwota. Fikiria neno hilo: unazaliwa mahali, babako kazaliwa papo hapo, halafu unaitwa skwota kwa sababu kuna mtu ana karatasi. Sheria ya 1918 ilisema skwota atalipia makao yake kwa kumfanyia mwenye shamba kazi angalau siku 180 kwa mwaka. Nusu ya mwaka, basi.

Ni ndani ya mpangilio huo ambapo watu wa Out of Africa wanaongea. Na wanaongea sana. Kamante mpishi anaongea. Farah Aden, Msomali aliyesimamia nyumba, anaongea. Wazee wanaongea kwenye mabaraza. Swali ambalo wahakiki wengi hulipita haraka ni hili: wanaongea kwa lugha gani?

Kamante alikuwa Mkikuyu. Farah alikuwa Msomali. Blixen lugha yake ya nyumbani ilikuwa Kidenmaki. Lugha iliyowakutanisha jikoni, shambani na barazani ilikuwa Kiswahili, na haikuwa lugha ya mama kwa hata mmoja wao. Hakikuwa Kiswahili cha Lamu wala cha Mombasa. Kilikuwa kile ambacho watu walikuja kukiita Kisetla, chenye amri nyingi na ngeli chache. Blixen alipotoa kitabu chake kingine, Shadows on the Grass, mwaka 1960, sura moja aliipa jina "Barua a Soldani". Wewe na mimi tungesema Barua ya Sultani. Miaka karibu 30 baada ya kuondoka, Kiswahili chake kilikuwa bado kimesimama palepale alipokiacha, bila "y".

Simcheki kwa hilo. Sisi wenyewe Nairobi tunaua ngeli kila siku na hakuna anayekamatwa. Ninachotaka uone ni kwamba kila Mwafrika anapofungua mdomo ndani ya Out of Africa, tunachosoma ni tafsiri. Alisema kwa Kiswahili, au kwa Kikuyu kilichopitia Kiswahili. Blixen akakikumbuka miaka baadaye akiwa Rungstedlund, nyumbani kwao Denmaki, akakiandika kwa Kiingereza kwa ajili ya wasomaji wa London na New York, kisha akakiandika tena kwa Kidenmaki. Mazungumzo yale yana asili, na asili yake ilikuwa lugha yetu. Asili hiyo haipo popote. Hakuna daftari la kulinganisha, hakuna kanda.

Na Kiingereza alichokichagua si cha jikoni. Ni kizito, cha taratibu, kinanukia Biblia. Kamante akiongea humo anaonekana kama nabii mdogo aliyeshushwa Ngong kwa bahati mbaya. Huenda alichosema kilikuwa kifupi na cha kawaida, kile ambacho kijana yeyote aliye kazini humwambia bosi. Mara moja moja Blixen anatuachia neno lenyewe, na hapo ndipo tunapata mwanya wa kuchungulia.

Mwanya ulio bora kwangu ni huu. Blixen yuko mezani anaandika, usiku. Kamante amekuwa akimwangalia na ana wasiwasi kama kweli karatasi hizo zilizotawanyika zitakuwa kitabu. Anamletea The Odyssey kutoka kwenye rafu kumwonyesha: hiki ndicho kitabu, kigumu, kimeshikana. Blixen anamsimulia kisa cha Odysseus, aliyelidanganya lile zimwi la jicho moja kwamba jina lake ni Outis, yaani Si Mtu. Kisha Kamante anauliza ataandika nini. Blixen anasema labda ataandika kuhusu yeye Kamante, wakati alipokuwa mtoto mgonjwa, miguu imejaa vidonda, akichunga kondoo uwandani. Ulikuwa unawaza nini wakati ule? Kamante anajibu: "Sejui." Neno limeachwa hivyo hivyo, na tahajia yake mbovu. Uliogopa? Ndiyo, wavulana wa uwandani huogopa. Uliogopa nini? Kamante ananyamaza kidogo, kisha anasema wavulana wa uwandani humwogopa Outis.

Blixen anakiandika kisa hiki kwa mapenzi. Kwangu mimi ni kisa cha mtu anayekataa kuhojiwa. Ametoka kusikia hadithi ya mtu aliyejiokoa kwa kuficha jina lake mbele ya mwenye nguvu. Dakika chache baadaye anaulizwa na mwenye nguvu afunue moyo wake ili uwekwe kitabuni. Anajibu kwanza sijui, kisha anajibu Si Mtu. Mpishi huyo alikuwa mhakiki mzuri kuliko wengi waliokuja baadaye na shahada zao. Alielewa kisa, akakitumia, na alichoulizwa hakukitoa.

Kisa kingine kinachopendwa na watu, kile cha mvua, nakisoma kwa shaka zaidi. Vijana wanavuna mahindi, Blixen anaanza kuwatungia vijimistari vya Kiswahili vyenye vina, visivyo na maana yoyote. Wanasikiliza, wanacheka, wanasubiri kina kirudi. Baadaye wanamwomba aongee tena kama mvua. Sentensi hiyo imezunguka dunia nzima kama ushahidi kwamba watu hawa walikutana na ushairi kwa mara ya kwanza siku hiyo, shambani kwake.

Sasa, vina kwa Kiswahili si jambo la juzi. Muyaka bin Haji alikuwa akitesa watu kwa mashairi Mombasa zaidi ya miaka 70 kabla ya Blixen kupanda meli. Na Wakikuyu wenyewe walikuwa na gĩcandĩ, ushairi wa kushindana kwa mafumbo, mwimbaji akishika kibuyu kilichochorwa alama za kumkumbusha. Kwa hivyo hao vijana huenda walikuwa wakifanya kitu ambacho watu wa utendaji hufanya: kumtia moyo mwimbaji asiye na uzoefu. Au walikuwa wanatafuta sababu ya kupumzika kidogo. Au waliguswa kweli. Kiswahili walichotumia kingetusaidia kuamua. Tuliachiwa Kiingereza peke yake, na Kiingereza kimeshaamua kwa niaba yetu.

Ngũgĩ wa Thiong'o aliliona jambo hili mapema na hakulisema kwa kunong'ona. Mwaka 1980, akihutubia Denmaki kwenyewe, alimchambua Blixen katika hotuba ambayo baadaye iliingia kitabuni Moving the Centre, 1993, chini ya kichwa kinachotaja mpishi wake na mbwa wake. Alishika pale ambapo Blixen anamlinganisha Kamante, anayemletea vyakula vya kwao kama zawadi, na mbwa aliyestaarabika anayekuwekea mfupa mbele ya miguu yako. Hoja ya Ngũgĩ ilikuwa kwamba ubaguzi uliovaa nguo za upendo ni mgumu zaidi kuutambua, na kwa hivyo ni hatari zaidi. Upande wa pili yupo Abdul JanMohamed, mhakiki aliyezaliwa Kenya, ambaye katika Manichean Aesthetics, 1983, alimtenga Blixen kidogo na waandishi wenzake wa kikoloni, akiona kwamba alijaribu kuvuka ule ukuta wa weupe na weusi.

Mimi nadhani wote wawili wana ushahidi, na hilo ndilo linafanya wasifu wake uwe mgumu. Blixen yuleyule wa mfano wa mbwa ndiye aliyezunguka ofisi za serikali mwaka 1931, shamba likiwa limeuzwa na yeye akiwa amefilisika, akidai maskwota wake wasitawanywe. Wakapata sehemu ya msitu wa Dagoretti wakae pamoja. Masetla wengi hawakujisumbua hivyo. Ukiandika maisha yake na kuacha mojawapo kati ya hayo mawili, na wewe umeruka tisa.

Ila kugawa alama za wema na ubaya kunatuacha palepale, yeye katikati na wengine pembeni. Mimi napenda kumwacha kwanza nimtazame mtu mwingine ndani ya kitabu hichohicho, ambaye wasomaji wengi humsahau. Anaitwa Jogona Kanyagga.

Bunduki ilifyatuka shambani. Mtoto anayeitwa Kabero aliichezea bunduki ya mzungu aliyesimamia kinu, ikawapiga watoto wenzake. Mmoja, Wamai, akafa. Kwa desturi ya Wakikuyu, familia ya Kabero ilipaswa kulipa fidia ya mifugo kwa baba wa marehemu. Baba huyo alikuwa Jogona, skwota maskini. Shida ni kwamba Wamai hakuwa mwanawe wa kuzaa. Alikuwa mtoto wa rafiki yake wa Nyeri, ambaye alipokuwa akifa alimwita Jogona akamkabidhi mke na mtoto. Watu wa Nyeri waliposikia kuna fidia, wakaja kudai Wamai ni wao. Jogona akaenda kwa Blixen akaomba maelezo yake yaandikwe.

Blixen anasimulia jinsi Jogona alivyohangaika, akianza, akisita, akitafuta pa kushika. Yeye akawa anaandika. Walipomaliza, akamsomea. Na alipofika mahali panaposema kwamba yule rafiki alimwita Jogona Kanyagga, Jogona aligeuka akamtazama kwa namna ambayo Blixen hakuisahau. Alikuwa amesikia jina lake likitoka kwenye karatasi. Blixen, kama kawaida yake, anafikiria Adamu na Mungu. Yeye ndiye Mungu kwenye mfano huo, bila shaka.

Lakini tumtazame Jogona alichofanya baadaye. Aliichukua karatasi. Akaitengenezea mfuko wa ngozi wenye shanga, akauvaa shingoni. Siku zingine, hasa Jumapili asubuhi, alitokea mlangoni kwa Blixen, akautoa mfuko, akaomba asomewe tena. Akisikiliza, uso wake unajaa ushindi. Ikiisha anaikunja, anairudisha.

Kwa hesabu yangu usomaji huo ulikuwa kwa Kiswahili, manake hapakuwa na lugha nyingine ambayo wawili hao walielewana. Hiyo karatasi ndiyo kitu cha karibu zaidi tulicho nacho na ile asili iliyopotea. Mtu alisema, ikaandikwa, akasomewa, akaikubali, akaondoka nayo. Haikukaa kwenye droo ya mwandishi.

Na kuna karatasi nyingine ya kuiweka kando ya hiyo. Kufikia 1920 serikali ya kikoloni ilikuwa imeanza kutekeleza kipande. Kila mwanaume Mwafrika kuanzia miaka 16 alitakiwa kubeba cheti chenye alama za vidole, jina la mwajiri, mshahara na tarehe za kazi, ndani ya kikebe cha chuma ambacho wengi walikivaa shingoni kwa kamba. Mwajiri aliandika, mwenye shingo hakuwa na uwezo wa kusoma wala kujibu. Ukiondoka kazini bila mwajiri kutia sahihi, wewe ni mtoro.

Kwa hivyo wanaume wa kizazi cha Jogona walivaa wasifu wao shingoni kwa amri ya serikali, ulioandikwa na mwingine, kwa lugha ya mwingine, kwa faida ya mwingine. Yeye akajitengenezea mfuko wake, wa ngozi na shanga, akaweka ndani maisha aliyoyasimulia mwenyewe. Sijui kama alikusudia kuujibu ule wa chuma. Lakini alijua vizuri kabisa karatasi ya shingoni hufanya nini.

Kamante hakupata karatasi kama hiyo. Yeye aliingizwa kwenye kitabu. Out of Africa ilitoka 1937, ikachaguliwa na klabu kubwa ya wasomaji Marekani mwaka uliofuata, ikasambaa. Tuseme nakala moja ingefika kwenye maktaba ya McMillan hapa mjini, pale karibu na Msikiti wa Jamia, penye simba wa mawe. Maktaba hiyo ilifunguliwa 1931, mwaka uleule Blixen aliondoka. Na hadi 1958 ilikuwa ya Wazungu peke yao. Mtu ambaye uso wake, vidonda vyake na mapishi yake vilikuwa vikisomwa Chicago hangeruhusiwa kuingia mlangoni kwenda kuona aliandikwa nini.

Kamante alimwandikia Blixen barua baada ya kuachana. Hakujua kuandika, kwa hivyo alienda kwa wale waandishi wa kulipwa waliokaa na meza na wino karibu na posta, akawaeleza, wao wakatoa Kiingereza walichokuwa nacho. Blixen anasema aliweza kumsikia Kamante kupitia Kiingereza hicho kibovu. Huenda ni kweli. Lakini fikiria safari ya sentensi moja: imetoka kwa Kamante, ikaingia kwa karani anayetaka kuonyesha kwamba anajua maneno makubwa, ikafika Denmaki, ikaingia kitabuni. Kila kituo kimetoza nauli.

Mwaka 1975 hatimaye alipata kitabu chenye sauti yake. Peter Beard, mpiga picha Mmarekani aliyekuja Kenya kwa kumfuata Blixen wa vitabuni, alimtafuta Kamante, akamweka karibu na kambi yake huko Karen, na kukusanya masimulizi na michoro yake. Kitabu kinaitwa Longing for Darkness: Kamante's Tales from Out of Africa. Ni kizuri na nakipendekeza. Kamante humo ni mcheshi, ana kumbukumbu kali, na mambo anayoona ya maana si yaleyale aliyoyaona Blixen. Ila tazama hicho kichwa. Hata hadithi za Kamante kuhusu maisha ya Kamante zimetolewa "kutoka" kwenye kitabu cha bosi wake. Na ni kwa Kiingereza, kilichochapishwa Marekani.

Miaka 10 baadaye ikaja filamu ya Sydney Pollack, iliyoshinda Oscar saba. Ilitangaza vyanzo vyake: maandishi ya Blixen, wasifu wake ulioandikwa na Judith Thurman, na kitabu cha Errol Trzebinski kuhusu Denys Finch Hatton, mpenzi wa Blixen. Kitabu cha Kamante hakimo kwenye orodha hiyo. Kilikuwepo sokoni kwa miaka kumi. Kamante alifariki 1985, mwaka uleule filamu ilitoka.

Mambo haya yananihusu kwa sababu ya kazi. Naandika makala kama hii, lakini kodi ya nyumba Uthiru inalipwa na kitu kingine: rekodi za mahojiano. Mtafiti amemhoji mama Kawangware au Kangemi kwa Kiswahili na Sheng, faili inanifikia, mimi natoa Kiingereza, nalipwa kwa dakika ya sauti. Niliacha chuo mwaka wa tatu, lakini kwa kazi hii hakuna aliyewahi kuniuliza cheti. Mimi ndiye karani wa nje ya posta. Tofauti ni kwamba nimevaa hedifoni.

Mama anaulizwa familia yake inaishije tangu kodi ipande. Anajibu: "Tunasukuma tu." Ndani ya "tunasukuma" kuna gari limezima barabarani, kuna watu zaidi ya mmoja, kuna kutojua kama injini itawaka. Kiingereza cha ripoti kina neno moja la sifa litakalomfanya shujaa, na kina neno lingine la huruma litakalomfanya mhanga. Yeye hakujiita lolote kati ya hayo. Nikiandika neno la sifa, litapanda ngazi hadi kwenye muhtasari, kisha kwenye bango la mradi lenye picha. Na siku moja mtu atasimama Kawangware kumweleza mama huyohuyo, kwa Kiswahili cha kutafsiriwa kutoka Kiingereza, kwamba yeye ni mstahimilivu. Atajiuliza hilo neno limetoka wapi.

Kwa kawaida mjadala wa maadili ya tafsiri huwa ni wa uaminifu. Je, umekuwa mwaminifu kwa neno, au kwa maana? Ni swali zuri, lakini linajibiwa na watu wawili wanaojua lugha zote mbili, wakiwa wamekaa pembeni. Swali la Jogona ni tofauti, na naliona ndilo zito: aliyesema atasomewa? Atapata nafasi ya kusema hapo ndipo, au hapana, sikusema hivyo?

Ngũgĩ alilijibu kwa njia yake. Alipotoka Kamiti Desemba 1978, mswada wa Caitaani Mũtharaba-inĩ alikuwa ameshauandikia gerezani, kwenye karatasi za chooni. Ulitoka kwa Kikuyu 1980, na ndipo akautafsiri mwenyewe kwa Kiingereza, 1982. Anasimulia katika Decolonising the Mind jinsi kitabu kilivyosomwa kwa sauti majumbani, viwandani saa za chakula cha mchana, kwenye matatu na baa. Huko baa msomaji alisoma mpaka bia ikaisha, akasimama mahali patamu, mpaka mtu amjazie glasi. Kabla London haijakipata, wenye lugha walikuwa wameshasomewa, wamebishana nacho, wamekilipia bia.

Najua pingamizi. Kusomewa si dawa ya kila kitu. Maelezo ya Jogona yalikuwa na maslahi ndani yake. Alitaka mifugo, na watu wa Nyeri walikuwa na upande wao ambao haukupata mfuko wa shanga. Mtu akisomewa anaweza kufuta ukweli unaomwaibisha, kama Mswidi na tisa yake. Wasifu ulioidhinishwa na mhusika mara nyingi ni wasifu mbaya. Yote hayo nayakubali. Lakini mwandishi aliyesomea watu na wakabishana naye ana kitu cha kumwonyesha msomaji: hapa tulikubaliana, hapa alikataa, hapa mimi nimeng'ang'ania. Asiyesomea mtu ana kimya tu, na kimya ni rahisi kukitafsiri upendavyo.

Blixen alikufa Septemba 1962. Kwa sheria ya Kenya hakimiliki hudumu miaka 50 baada ya mwaka wa kifo cha mwandishi, kwa hivyo tangu 2013 maneno yake hapa ni ya umma. Nyumba yake nayo ni mali yetu: serikali ya Denmaki iliinunua ikaizawadia Kenya huru, na tangu 1986 ni makumbusho. Kila nakala ya kitabu chake niliyowahi kushika mjini ni ya Kiingereza. Ningependa mtu, au watu, tuichukue ile sura ya Wamai na Jogona tuirudishe kwa Kiswahili, sauti za watu zikiwa za kawaida, bila Biblia. Tukishamaliza tusiipeleke Karen kwanza. Tuipeleke Dagoretti, ambako maskwota wale walihamishiwa, tuisome kwa sauti Jumapili asubuhi mbele ya wazee wa huko, na kalamu iwe wazi. Ruhusa ya sheria tunayo tayari. Hiyo nyingine inabidi tuende tukaiombe.